Kompyuta za skuli hazina intaneti: virusi huingia vipi, na tuwaeleze vipi wanafunzi?

MaalimWete

Asalaam alaykum. Ninafundisha somo la kompyuta katika skuli moja ya sekondari ya hapa Wete, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameniuliza swali ambalo nataka kulijibu kwa ukamilifu. Chumba chetu cha kompyuta hakina intaneti. Mashine tulizonazo ni za msaada, nyingi zinatumia Windows 7, na hakuna waya wa mtandao unaoziunganisha. Hata hivyo, kila mitihani inapokaribia na wanafunzi wanapoanza kubeba maswali ya miaka iliyopita kwenye flashi ili wakayachapishe mjini, dalili zile zile hurudi: folda za mwanafunzi hugeuka alama zenye mshale mdogo pembeni, ukubwa wa kila moja husomeka kilobaiti moja au mbili, na mwenye kazi huamini kwamba kila alichoandika kimefutika.

Swali lao ni hili: ikiwa intaneti hakuna, kirusi kimepita wapi? Walipojadiliana, mmoja alisema kinapita katika umeme, kwa kuwa mashine zote zimechomekwa katika soketi za ukuta mmoja. Mwengine akasema kompyuta iliyochakaa hujitengenezea virusi yenyewe. Na wa tatu akauliza kama inatosha flashi mbili kukaa ndani ya mkoba mmoja. Sikuyadharau mawazo hayo, kwa sababu ni ya watoto wanaojaribu kufikiri kwa ushahidi mdogo walio nao. Vitabu tulivyonavyo vinatoa maana ya kirusi kwa sentensi moja, kisha vinaorodhesha madhara yake, lakini njia yenyewe haimo. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze njia hiyo hatua kwa hatua, kwa namna ambayo nitaweza kuifikisha darasani.

FundiDarajani

Waalaykum salaam, Maalim. Kazi yangu ni matengenezo ya kompyuta hapa Mjini Unguja, na tatizo ulilolieleza huletwa kwangu mara nyingi kuliko jengine lolote, hasa na wanafunzi na wenye maduka ya kutoa kopi.

Kwanza waambie kwamba kirusi ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu na kuhifadhiwa ndani ya faili kama programu nyengine yoyote. Hakizaliwi na uchakavu wa mashine, hakipiti katika soketi ya umeme, na flashi mbili zikikaa mkoba mmoja mwaka mzima hazitaambukizana, kwa sababu flashi inayahifadhi maagizo hayo tu. Anayeyatekeleza ni kompyuta, nayo huyatekeleza pale inapoambiwa. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa kila mara ni hili: nani aliiambia kompyuta iendeshe programu hiyo, na aliiambia kwa njia gani?

Chukua flashi ya mwanafunzi wako. Anaifikisha dukani ikiwa safi na kuichomeka katika kompyuta ambayo siku hiyo imekwisha kupokea flashi za watu wengi. Ndani ya kompyuta hiyo kirusi tayari kinafanya kazi, kikisubiri hifadhi mpya ichomekwe. Mara flashi inapotambuliwa, kirusi hujinakili ndani yake katika faili lililofichwa. Kisha huzipa folda halisi za mwanafunzi sifa ya kufichika, ile ile ambayo Windows huitumia kuyaficha mafaili yake ya ndani. Na mwisho hutengeneza njia za mkato, yaani mafaili madogo yanayoielekeza kompyuta cha kufungua au kuendesha, zenye majina ya folda hizo na sura ya folda. Ndizo alama zenye mshale ambazo wanafunzi wako wanaziona. Kazi haikufutika. Ukiangalia nafasi iliyotumika ndani ya flashi utaona haikupungua, na hilo ni jambo zuri kuwaonesha wanafunzi kwa macho yao kabla hawajakata tamaa.

Mwanafunzi anarudi skuli, anachomeka flashi, analiona jina la folda yake na kulibofya. Hapo ndipo kompyuta inapoambiwa. Ndani ya njia ile ya mkato mna amri ya kuliendesha faili lililofichwa, na baada yake amri ya kuifungua folda halisi. Amri hii ya pili ndiyo yenye hila kubwa zaidi, kwa sababu folda hufunguka kama kawaida, mwanafunzi anaiona kazi yake, na hana sababu ya kushuku chochote. Tangu wakati huo mashine ya skuli nayo inaisubiri flashi itakayofuata. Intaneti haikuhitajika hata kidogo. Flashi zinazokwenda na kurudi baina ya nyumbani, skuli na duka la kopi zinatosha.

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Windows ilikuwa ikilisoma faili lenye jina autorun.inf ndani ya flashi na kuyatii maagizo yake, na mnyoo (programu yenye madhara inayojisambaza yenyewe) ulioitwa Conficker, uliogunduliwa Novemba 2008, uliutumia mlango huo pamoja na njia nyengine kadhaa. Microsoft iliufunga mlango huo kwa upande wa flashi kuanzia Windows 7, na mwezi wa Februari 2011 ikasambaza masasisho, yaani marekebisho ya programu, kama hayo kwa Windows XP na Vista. Mashine ilipoacha kutii yenyewe, watengenezaji wa virusi ilibidi wamhadae binadamu abofye, na ndiyo maana leo tunaziona njia za mkato.

Kwa kuirejesha kazi, anza na kompyuta, kwani ukianza na flashi itaambukizwa tena papo hapo. Kompyuta ikishakuwa safi, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na, kama flashi imepewa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter. Folda zitaonekana tena. Zifute njia za mkato na faili geni lililokuwa limefichwa. Tafadhali usiwaruhusu wanafunzi kuiformati flashi, yaani kuifuta yote, kabla ya hapo, kwa sababu wengi hupoteza kwa mikono yao wenyewe kazi ambayo kirusi hakuigusa.

MhadhiriTunguu

Maelezo ya Fundi yametosheleza kuhusu flashi, na sitayarudia. Naongeza tahadhari moja, ili mwanafunzi asiondoke akiamini kwamba asipobofya yuko salama daima. Mwezi wa Juni 2010 iligunduliwa programu iliyopewa jina la Stuxnet, iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz nchini Iran, mahali ambapo kompyuta za mitambo hazikuwa zimeunganishwa na intaneti, kama zilivyo za Maalim. Programu hiyo iliitumia kasoro iliyokuwamo katika namna Windows ilivyochora sura ya njia ya mkato: kulifungua tu dirisha linaloonesha yaliyomo ndani ya flashi kulitosha kuiendesha. Microsoft iliiziba kasoro hiyo Agosti 2010. Kwa hiyo kanuni kamili ni kwamba programu haina budi kuendeshwa, ama na mtu aliyehadaiwa, ama kwa kupitia kasoro ya programu nyengine. Ningewafundisha wanafunzi milango hiyo miwili kabla ya kuwafundisha majina.

Majina nayo yana nafasi yake, kwa sababu mitihani huyauliza. Kirusi chenyewe hujishikiza katika faili au programu nyengine na husafiri pamoja nayo. Mnyoo husafiri wenyewe kutoka mashine moja hadi nyengine bila ya kuhitaji faili la kuubeba. Trojani ni programu inayojionesha kuwa kitu chema, mchezo au kifaa cha kazi, hali ya kuwa ndani imebeba madhara. Programu za siku hizi huchanganya tabia hizi, kwa hiyo mpaka baina ya jina moja na jengine usiwapotezee muda mrefu.

Kinachostahili muda mrefu, kwa maoni yangu, ni historia, kwa kuwa inaonesha milango hiyo miwili ikifanya kazi. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Marekani wa umri wa miaka 15, Rich Skrenta, aliandika programu iitwayo Elk Cloner kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Kompyuta ikiwashwa kwa diski iliyoambukizwa, programu hiyo ilibaki katika kumbukumbu ya mashine, na diski nyengine safi ikiingizwa ilijinakili ndani yake. Kila baada ya mara 50 za kuwashwa ilionesha shairi fupi. Wanafunzi wa Wete wataitambua njia hiyo mara moja, maana ndiyo ile ya flashi zao. Miaka minne baadaye, mwaka 1986, kikaja Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, nacho kilikaa katika sehemu ya diski inayosomwa kwanza pale kompyuta inapowashwa. Hapa pia diski ilipita mkononi mwa watu, na aliyeiingiza hakujua alichokibeba.

Mlango wa pili ulionekana wazi tarehe 2 Novemba 1988. Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliuachia mnyoo katika intaneti ya wakati ule, na mnyoo huo ukapita katika kasoro za programu za barua pepe na nyenginezo bila ya mtu yeyote kubofya chochote. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kompyuta 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwapo mtandaoni. Haukuandikwa ili ufute kazi za watu, lakini ulijinakili tena na tena ndani ya mashine ile ile hadi mashine ikashindwa kufanya kazi. Nalisisitiza hili kwa sababu kila darasa lina mwanafunzi mwenye kipaji anayetaka kujaribu. Morris alitiwa hatiani mwaka 1990, akapewa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Nchini kwetu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kipaji hicho kina kazi nyingi za halali zinazokisubiri, na mwalimu asiache kumwambia mwanafunzi jambo hilo kwa heshima.

Sasa nije kwenye Windows 7, Maalim, kwa sababu hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa masasisho ya kuziba kasoro katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, programu iliyoitwa WannaCry ikapita katika kasoro hiyo na kuyafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, ikidai fidia ya dola 300 kwa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Sehemu kubwa ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7 ambazo masasisho yake yalikuwa yamekwisha kutolewa, ila hayakuwekwa. Windows 7 yenyewe ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Mashine zenu haziko mtandaoni, na hilo limewakinga na minyoo ya aina hiyo, lakini siku mtakayoletewa intaneti msiziunganishe kama zilivyo.

Na programu ya kuzuia virusi isiaminiwe peke yake. Fred Cohen, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvichunguza virusi kitaaluma, alithibitisha kwa hoja za hisabati kwamba haiwezekani kuandika programu moja itakayovitambua virusi vyote bila ya kukosea hata kimoja.

MamaChake

Ninawashukuru kwa maelezo haya. Mimi ni mzazi wa Chake Chake, na nyumbani kwetu hatuna kompyuta. Watoto wanatumia simu yangu kusomea. Katika makundi ya WhatsApp hufika ujumbe unaosema kwamba kuna bando la bure au nafasi za masomo, na chini yake pana kiungo cha kubonyeza na agizo la kuupeleka ujumbe huo kwa watu kumi. Mara nyengine huletwa faili linalosemekana ni picha za harusi au toleo jipya la programu. Je, ujumbe wenyewe ni kirusi? Na simu inaweza kuambukizwa kwa Bluetooth bila ya mwenyewe kujua? Nauliza kwa sababu fedha zetu zimo katika simu hiyo hiyo.

FundiDarajani

Bi Mkubwa, umeuliza jambo linalotugusa wengi zaidi kuliko kompyuta za skuli. Maneno ya ujumbe peke yake si kirusi, na kuyasoma hakuidhuru simu. Lakini angalia yanavyosafiri: yanamtaka msomaji ayatii na kuyapeleka kwa watu kumi, na kila mmoja wao afanye vivyo hivyo. Hatari yenyewe iko nyuma ya kiungo, ambako kwa kawaida hungoja ama ukurasa unaoomba namba ya siri, ama faili linaloishia kwa herufi apk, yaani programu ya simu za Android inayotaka kuwekwa bila ya kupitia duka rasmi la programu. Android huuliza ruhusa kabla ya kuiweka programu ya aina hiyo, na ombi hilo lisikubaliwe hata kama aliyelileta faili ni jamaa wa karibu, kwa sababu huenda ameletewa na yeye. Programu ikishaingia na kuruhusiwa kusoma ujumbe mfupi, inaweza kuzisoma namba za uthibitisho zinazotumwa na benki au huduma ya fedha.

Kuhusu picha za harusi, lisome jina la faili mpaka mwisho wake. Hila ya kulipa faili jina la kitu kisicho na madhara ni ya zamani. Tarehe 4 Mei 2000 ilisambaa kutoka Ufilipino barua pepe yenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, Windows ilikuwa ikizificha herufi za mwisho, watu wakaona TXT na kudhani ni barua ya maandishi tu, kumbe ni programu, nayo ikajituma kwa kila anwani iliyokuwamo katika kitabu cha anwani cha aliyeifungua. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa. Jina la faili likiishia kwa apk, hiyo si picha.

Bluetooth iliwahi kutumika. Mnyoo ulioitwa Cabir, wa mwaka 2004, ulirukia simu zilizo karibu zilizokuwa zikitumia mfumo wa Symbian, lakini hata huo ulimtaka mwenye simu akubali kulipokea faili na kuliweka. Izime Bluetooth usipoitumia, yaruhusu masasisho ya simu yaingie, na watoto wasomee katika simu ambayo namba ya siri ya fedha hawaijui.

MaalimWete

Mmenipa zaidi ya nilichotarajia, Mungu awalipe. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, nifanye nini na chumba chenyewe, kwa kuwa siwezi kuwazuia wanafunzi kwenda kuchapisha mjini? La pili, baadhi ya walimu wenzangu wananishauri nihifadhi flashi moja yenye kirusi ili niwaoneshe wanafunzi kinavyofanya kazi. Je, hilo linafaa?

FundiDarajani

Kwa chumba, tenga mashine moja karibu na mlango iwe ya ukaguzi, na flashi yoyote ipite hapo kwanza. Nakushauri mashine hiyo uiwekee toleo jepesi la Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), ambalo ni la bure na linafanya kazi hata katika kompyuta za zamani, kwa sababu njia za mkato za Windows na maagizo yake hayaendeshwi huko; mafaili mageni yatalala tu, na utayaona na kuyafuta. Mashine nyengine zipe wanafunzi akaunti za kawaida zisizo na mamlaka ya msimamizi, na katika kila moja washa uoneshaji wa herufi za mwisho za majina ya mafaili. Anayekwenda kuchapisha achukue flashi ya kazi hiyo tu, yenye nakala ya PDF pekee, na ikirudi isiingie mashine nyengine kabla ya kuformatiwa katika ile ya ukaguzi. Flashi yenye kazi ya muhula mzima isitoke nje ya skuli kabisa.

MhadhiriTunguu

Kirusi hai kisiwekwe darasani, Maalim, hata kwa nia njema, kwa sababu flashi hiyo siku moja itachukuliwa na asiyejua kilichomo. Ukitaka kuwaonesha programu ya kuzuia virusi inavyopiga kelele, lipo faili la majaribio la EICAR, lenye herufi na alama 68 tu, ambalo wataalamu wamekubaliana litambuliwe kana kwamba ni kirusi ingawa halidhuru chochote.

Kwa kuwaonesha usambaaji wenyewe, karatasi zinatosha. Andika katika kipande kimoja: "Ukishasoma maneno haya, yanakili katika kipande kengine na umpe mwenzako asiye na kipande." Mpe mwanafunzi mmoja, na kila unapopiga kofi kila mwenye kipande atekeleze mara moja. Wenye vipande watakuwa 2, kisha 4, 8, 16, 32, na darasa la wanafunzi 45 litakuwa limejaa katika kofi la sita. Hapo ndipo uwaeleze kuhusu mnyoo wa Slammer wa tarehe 25 Januari 2003, uliokuwa na baiti 376 tu, ambao mwanzoni mwake idadi ya mashine ulizoziambukiza iliongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5, na ndani ya dakika kumi ukawa umeifikia asilimia 90 hivi ya mashine zilizokuwa na kasoro ulioitumia.

Kisha rudia mchezo, lakini safari hii wanong'oneze wanafunzi ishirini kabla ya kuanza kwamba wao wamepata masasisho: wakipewa kipande wasikisome, wakiweke chini. Asiyejua nani ni nani atawapa vipande watu wasioviendeleza, na makofi yatakuwa mengi zaidi kabla ya wale waliobaki kufikiwa. Waziandike hesabu za raundi zote mbili ubaoni na wachore grafu zake katika mchoro mmoja. Kama mwalimu wa hisabati ana nafasi, mwalike awepo, kwa sababu umbo la mstari wa raundi ya kwanza atahitaji kulieleza yeye.